Karani, Jogoo wa Mwadhini

Mwadhini wetu hapa Tiwi hakukiamini kipaza sauti hata siku moja. Kabla ya kuadhini alikipuliza, akakigonga kwa ukucha, akakitazama kama mtu anavyomtazama samaki wa juzi, ndipo akakohoa na kuanza. Na sauti ilipotoka, uliyelala uliamka, na uliyeamka zamani ukaona haya kwamba bado umekaa. Mimi ni jirani yake, ua wa makuti tu ndio uliotutenga, kwa hiyo haya ninayoyasema sikuhadithiwa. Mengi niliyaona, na mengine niliyachungulia.

Ukoo wake sitautaja. Huku kwetu ukianza kuutaja ukoo wa mtu, kufumba na kufumbua umejitaja mwenyewe. Nitasema alivyokuwa. Alikuwa mrefu, mkavu, kanzu imemning'inia kama imeanikwa. Alikula polepole na alitembea polepole. Mtu akichelewa kuswali hakumgombeza, alimwuliza tu, "Godoro lako ni la sufi au la sponji?" Mtu yule hakuchelewa tena.

Sisi wanawake wa mtaa tulimpenda kwa jambo jingine: alikuwa mchinjaji wetu. Wanawake wa huku hatuchinji. Ukiwa na kuku wa kuchinjwa na nyumbani hakuna mwanamume, unasimama njiani, kuku kwapani, kisu mkononi, unamngoja Mwislamu yeyote mwenye ndevu apite. Mwadhini alipita kila swala, kwa saa zinazojulikana, na hakukataa hata mara moja. Alikunja mkono wa kanzu, akasoma bismillahi, akamaliza, akaendelea na njia yake.

Wanyama hakuwapenda, na hilo lijulikane mapema. Paka wa msikitini aliwarushia ndara. Siku moja alirudi kutoka Diani amevimba kwa hasira, kisa ameona ufuoni mbwa amevalishwa fulana.

"Ya mistari," aliniambia. "Tena inampwaya. Mbwa ana nguo ya kubadilisha."

"Pengine alisikia baridi."

"Baridi ya Diani?" Akaingia ndani, na hakunisemesha mpaka kesho yake.

Halafu mkewe akafariki, na Mwadhini akanyamaza.

Nikisema alinyamaza, elewa vizuri. Adhana alitoa kama kawaida. Salamu ya dini aliiitikia, kwa sababu ni wajibu. Lakini ya "umeamkaje" na "habari za mguu" aliijibu kwa kichwa, kama anayefukuza nzi. Nilikuwa nikimpelekea mbaazi na mahamri kila asubuhi. Sahani ilirudi imeoshwa, inang'aa, haina neno juu yake. Nilimwuliza kupitia uani, "Mwadhini, chumvi imekolea?" Nikasikia kimya. Kumbe alikuwa ametikisa kichwa, nyuma ya ua, nisikokiona. Nikasema moyoni, huyu anaisha kama sabuni na sisi tunamtazama.

Karani alikuja kwa ajili ya kuliwa. Watu wa Waa walimpa Mwadhini jogoo baada ya kisomo cha hitima: mweusi, shingo nyekundu, upanga wa kichwani umelalia jicho moja. Akamfunga mguu kwenye mpapai ili amchinje Ijumaa. Alfajiri Mwadhini akaadhini, na jogoo akaitikia kutoka uani. Si kuwika kwa ovyo. Alingoja Mwadhini avute pumzi, akaingiza lake. Adhuhuri vivyo hivyo. Alasiri vivyo hivyo. Ijumaa ikaja ikapita. Ya pili nayo ikapita. Mara kamba ikafunguliwa, na mpapai ukabaki peke yake.

Ndipo asubuhi moja nikasikia mtu anazungumza nyuma ya ua. "Umelala vipi? Mimi mguu huu ulinisumbua. Hapana, si ule. Huu wa kushoto." Nikaacha kukanda unga. Nikasema, ama ameingiza mwanamke, ama amerukwa na akili, na sikujua niombe lipi. Nikapanda kigoda, nikachungulia. Mwadhini ameketi kizingitini, mchele kiganjani, na mbele yake jogoo ameinamisha kichwa upande mmoja, kama kadhi anayesikiliza kesi ya talaka.

Mjukuu wangu Mwanaidi anasomea ushauri nasaha chuoni Mombasa, na jioni hurudi kulala kwangu. Ndiyo, huyu huyu niliyemlea mimi kwa mbaazi na mahamri, na anafanya vizuri, uliza mtu yeyote. Nilipomhadithia hakucheka.

"Nyanya, mnyama humpa mtu nafasi ya kusema. Hamkatizi maneno, hamwambii 'pole, ni kazi ya Mungu' huku anatazama saa."

"Unasema mimi namkatiza?"

"Nimesema mny—"

"Kwa sababu mimi sikatizi watu."

"Ndiyo, Nyanya."

Nikamwambia kuku wa kumtuliza mtu namjua tangu zamani, hutiwa nazi na ndimu. Lakini neno lake lilinikaa. Maana ni kweli Mwadhini alianza kujaa tena. Alizungumza na jogoo, kisha akazungumza na mimi kuhusu jogoo, kisha siku moja, bila kujijua, akaniambia chumvi ya mbaazi ilizidi. Nilifurahi nikataka kulia. Nikamwambia kama imezidi asile.

Yeye mwenyewe hakukubali kamwe kwamba anafuga. "Simfugi," alisema. "Tunakaa pamoja." Jina la Karani alimpa kwa mwendo wake: kifua mbele, mbawa nyuma, kama mtu aliyetumwa kukagua. Walikwenda msikitini pamoja. Mwadhini akiingia, Karani alibaki nje kwenye viatu, akavipitia kimoja kimoja. Waliochelewa aliwadonoa vidole. Wanaume waliapa kwamba anawajua. Sisi wanawake tulisema ni upuuzi, lakini tuliona waume wa mtaa wameanza kuvaa viatu vya kufunika vidole, na wengine wameanza kuwahi.

Mtu yule yule aliyemkasirikia mbwa wa fulana sasa alikuwa na kitambaa mlangoni cha kumfutia Karani miguu kabla hajaingia ndani. Kitambaa cha kulia na kitambaa cha kushoto. Nilimwuliza kwa nini viwili. Akasema, "Wewe unafutia miguu yote kitambaa kimoja?" Nikaondoka nikijitazama miguu.

Na msidhani aliacha kula kuku. Harusini alikula kuku wa kupaka mpaka mfupa ukawa hauna siri. Ila kabla ya kurudi nyumbani alipita kwangu kuomba sabuni, akaosha mikono, akasukutua kinywa, akanipumulia.

"Kunanuka?"

"Kunanuka sabuni."

"Vizuri. Asije akajua."

Kuchinja nako hakuacha, lakini alituomba kuku wetu tuwalete nyuma ya jiko langu, penye ukuta, Karani asikoona. Na ile methali ya dua ya kuku kutompata mwewe ilikuwa haisemwi mbele yake. Mtu alipoisema alimkatiza: "Nani aliyekwenda kumwuliza mwewe?"

Sasa kipaza sauti. Nilisema hakukiamini, na mwisho kikamlipa. Adhuhuri moja alimaliza adhana, akasahau kukizima. Karani alikuwa dirishani. Basi mtaa mzima, wa juu barabarani na wa chini karibu na bahari, ukamsikia Mwadhini akisema kwa sauti ile ile ya kuamsha waliolala: "Karani, leo usipite kwa Mama Salama. Wali wake una mawe."

Mama Salama anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, na hupika wali wa kuuza. Wakati huo alikuwa amesimama mlangoni na sufuria, wateja mbele yake. Mmoja akarudisha sahani chini taratibu, kama anayeweka yai. Mama Salama alifunika sufuria, akaingia ndani, na tangu siku hiyo akawa anamtafutia Karani sababu.

Na sababu ilikuwapo, tena kubwa. Huku kwetu jogoo akiwika usiku unapoingia ni nuksi. Anamwita mtu kaburini, wanasema, na dawa yake ni kisu, hakuna mjadala. Sasa Karani alikuwa akiitikia adhana zote, na magharibi na isha ni adhana pia. Tulikuwa tumezoea, tumejifanya viziwi. Mama Salama akaufungua mdomo. Tairi la bodaboda ya mkwewe limepasuka: Karani. Paa lake linavuja: Karani. Jino la nyuma limeanza kumuuma: Karani. Watu wakakumbuka mabaya yao, na kila mtu anayo, na yote yakamwangukia ndege mmoja.

Imamu alijaribu. "Mama, dini haisemi kwamba jogoo wa isha ana nuksi."

"Dini haisemi, Shehe," Mama Salama akamjibu, "lakini tairi limesema."

Mwadhini alisikiliza yote, mikono nyuma. Hakujitetea. Alikuwa mtu asiyependa mtaa ugombane kwa ajili yake, na pengine maneno ya wali yalikuwa yanamuuma. "Basi," alisema. "Ijumaa, baada ya swala. Ila mkono wangu msiutake. Amchinje mwingine." Alhamisi nzima nilimsikia ananoa kisu, kwa sababu kisu butu ni kumtesa mnyama. Alinoa bila kusema. Karani alikuwa pembeni yake, na Mwadhini hakumwambia hata neno. Hapo ndipo nilipoogopa. Kimya kile nilikijua. Nilikuwa nimekisikia mara moja, na sahani za kimya zilinitosha.

Ijumaa Mama Salama akamchukua Karani kwa Mwadhini, akaja kusimama njiani, mbele ya lango langu, Karani kwapani, kisu mkononi. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, na sikuwa na haraka ya kumaliza.

Akapita muuza samaki. "Baba, nichinjie."

Akamtazama Karani. "Ni huyu? Mama, mkono huu umeteguka."

"Si ndio uliobebea kapu la changu?"

"Ndilo lililoutegua," akasema, akaongeza mwendo.

Akapita ustadhi wa madrasa. Akasema ana mafua, hataitamka bismillahi sawasawa. Aliyasema maneno hayo bila kamasi yoyote. Wa tatu akawa mkwe wake mwenyewe, yule wa tairi. Huyu alishika kisu kweli. Akainama. Karani akageuza kichwa, akamkazia lile jicho lisilolaliwa na upanga. Mkwe akasimama, akamrudishia mama mkwe kisu kwa mikono miwili.

"Mama, nisamehe. Amenitazama kama marehemu baba."

"Baba yako alikuwa jogoo?"

"Alikuwa akinitazama hivyo nikichelewa kuswali."

Nilizika uso kwenye nazi. Kila mwanamume aliyepita, Karani alikuwa amemdonoa, na mtu akishadonolewa na mnyama kwa miaka, wamekuwa kama ndugu. Wote walitaka jogoo afe, hakuna aliyetaka kuwa ndiye. Wa mwisho alikuwa kijana wa bodaboda kutoka bara, anayeegesha pale Ukunda, amemleta abiria. Yeye alikuwa tayari hata kabla ya kuombwa.

"Mathe, leta hiyo kitu. Ni kazi ya dakika."

"Wewe ni Mwislamu?"

"Mimi ni Mkristo, lakini kisu si kinakata tu?"

"Ondoa mkono wako hapo," Mama Salama akasema, akamkumbatia Karani kifuani. Na alipomkumbatia, nikaona hajui tena namna ya kumshika. Mkono mmoja ulikuwa umemwinua kama mtoto wa kucheua. Karani akakiingiza kichwa chini ya kwapa lake, akalala.

Tukakaa hivyo. Jua likashuka mpaka alasiri ikafika. Tukasikia kipaza sauti kinapulizwa, kinagongwa. Adhana ikaanza. Nakwambia, sijawahi kuisikia sauti ile hivyo. Ilikuwa nyembamba, inajikwaa. Alipofika katikati akavuta pumzi, na baada ya pumzi hakukuwa na kitu. Mtaa mzima ulisimama. Muuza samaki kule mbele aliweka kapu chini. Nilijua Mwadhini anangoja, naye alijua anangoja bure, maana kwa hesabu yake saa hiyo Karani alikuwa ameshanyonyolewa.

Karani akatoa kichwa kwapani, akawika sikioni mwa Mama Salama.

Kule msikitini pakapita kitambo kidogo. Halafu sauti ikarudi, nzito, ya kuamsha waliolala, ikamaliza adhana yote bila kujikwaa. Mama Salama alikuwa ameshika sikio. "Mchukueni mdudu huyu," alisema. "Amenitoboa." Lakini hakumtupa. Alimweka chini kwa mikono miwili, akampangusa unyoya mmoja uliokaa vibaya, kisha akatutazama kama tumemwona uchi.

Sikusoma, niliacha darasa la pili, lakini kuku nawajua. Nikasema: jogoo aliyefunikwa hawiki. Kabla ya magharibi Mwadhini amlete kwangu, nimfunike na tenga jikoni, juu nitie gunia. Isha ikishapita, aje amchukue. Nuksi hakuna, kelele hakuna. Mama Salama alikubali kwa sharti moja: Mwadhini aje ale wali wake mbele za watu. Akaja. Akala sahani nzima. Katikati nilisikia kitu kimegonga jino, kakaka, na macho yake yakatoka machozi. Akameza. "Wali mzuri," alisema, "umeshikamana."

Basi ikawa ndiyo desturi. Kila jioni alinipigia hodi na Karani mkononi, na baada ya isha akaja tena kumchukua. Ukishakuja mara mbili kwa siku kwa mtu huwezi kuja kama posta. Akakaa barazani, mlango wazi, Mwanaidi akiwapo na vitabu vyake. Alieleza ya mguu, ya imamu, ya bei ya makuti. Wasengenyaji wakapata kazi, wakasema Mwadhini anaposa. Wakaniuliza kisimani kama harusi ni lini. Niliwauliza, "Naolewa na mtu au na jogoo? Niambieni nijue nguo ya kushona." Hata Mwanaidi akaniletea maneno: "Nyanya, naona jogoo mmoja analea wazee wawili." Nilimrushia mwiko. Nina shabaha mbaya siku hizi.

Karani alikufa mwaka jana, kwa uzee tu, asubuhi, amelala kizingitini. Kwa kuwa hakuchinjwa hakuna aliyefikiria sufuria, na hata angechinjwa, simjui ambaye angetia kijiko. Mwadhini alimzika nyuma ya migomba yake. Mama Salama alipeleka sahani ya wali, kama inavyopelekwa penye msiba, akaniapia kwamba ameuchagua mara mbili. Watu walimpa Mwadhini pole huku wanajizuia kucheka, na wengine wanajizuia kulia, na nyuso zikawa za ajabu.

Yeye alizipokea pole zote kwa kichwa.

Mchana kutwa sikusikia neno kutoka nyuma ya ua. Magharibi aliadhini, na hakuna aliyeleta kitu jikoni kwangu. Isha aliadhini. Nikakaa barazani na kahawa niliyopika kwa mazoea, nikijiambia sitakwenda kuchungulia, mimi ni mtu mzima, nina heshima zangu. Nilikuwa nimeshakiweka kigoda karibu na ua niliposikia hodi.

"Karibu," nikasema. "Umekuja kumchukua nani, Mwadhini?"

Alisimama pale kwenye taa, mikono mitupu, akaitazama kama amesahau ilichokuwa imebeba. "Nilikuwa nakwenda kwangu," alisema. "Nimeshafika mlangoni. Miguu ikapita."

"Kaa basi. Ila ujue mimi siwiki."

"Wewe?" Akavuta mkeka, akakaa. "Wewe mtaa mzima unakusikia kabla sijaadhini."

Nilikuwa na jibu, na lilikuwa zuri. Sikulitoa, kwa sababu alikuwa amekwisha kuanza. Alinieleza jinsi Karani alivyomwamkia asubuhi ile kabla ya kulala kizingitini, akaeleza alivyochimba, na kwamba udongo wa migombani ni laini, na kwamba mkewe ndiye aliyeipanda migomba ile. Jina la mkewe sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu alipozikwa. Akalisema, akaendelea nalo, akanieleza walivyooana, na mvua ya siku ile, na viatu vya kuazima vilivyombana mpaka akaingia kwa bibi harusi anachechemea. Mwanaidi alifunga vitabu, akaenda kulala. Kahawa ikapoa. Mbu walitula wakashiba. Mwisho nikainuka, nikamwambia mimi ni mtu wa kuamka alfajiri, unga wangu haujikandi.

"Kaa chini," Mwadhini akaniambia, nyumbani kwangu, barazani kwangu. "Sijamaliza."